Grafu ya nukta kwa kufuata mwendo wa biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye butiki, deposi na meza za soko hapa Bukavu wanaoandika mauzo yao kila siku, kwenye kaye au kwenye simu. Majina ya menyu na ya fomula yameachwa kwa Kifaransa, maana ndivyo yanavyoonekana kwenye Excel nyingi za mjini.

Grafu ya nukta ni nini hasa?

Ni mchoro ambamo kila mstari wa kaye yako unakuwa nukta moja. Kipimo kimoja kinasomwa chini, kwenye mhimili wa mlalo (X), na kingine kando, kwenye mhimili wa wima (Y). Ukiweka tarehe chini na mauzo kando, siku 200 ni nukta 200. Hakuna kilichojumlishwa wala kulainishwa, kwa hiyo siku mbaya inabaki mahali pake ikionekana. Wastani wa mwezi ungeifuta.

Kwa nini nisichore mstari wa kawaida?

Mstari unaunganisha nukta mbili hata kama katikati hapakuwa na kitu. Butiki ikifungwa siku nne za mvua, grafu ya mstari itapita juu ya siku hizo kana kwamba uliuza. Nukta zinaacha pengo, na pengo lenyewe ni habari. Tena mstari unakubana uweke muda tu kwenye X. Nukta zinakuruhusu kuweka bei, idadi ya wateja au saa za kukatika umeme, kisha muda ukauonyesha kwa rangi.

Kama una namba 12 tu, moja kwa kila mwezi, chora mstari, unatosha.

Niandike nini kwenye jedwali?

Mstari mmoja kwa siku moja, na safu tano: tarehe, mauzo kwa faranga, kiwango cha dola siku hiyo, idadi ya wateja au ya vipimo vilivyouzwa, na maelezo mafupi kama "mvua kubwa", "barabara imefungwa", "bei mpya". Safu ya mwisho wengi huiruka, kisha miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka kwa nini siku fulani ilianguka.

Seli za namba ziwe na namba peke yake. Ukiandika "350 000 FC" kwa mkono, Excel inaiona kama maneno na nukta hiyo haitakaa mahali pake. Jihadhari na koma na nukta ya desimali: Excel ya Kifaransa husoma 12,5 kama namba, lakini 12.5 inaweza kuichukua kama maneno au hata kama tarehe ya tarehe 12 Mei. Ukitilia shaka safu nzima, andika kando =ESTNUM(B2) na uivute hadi chini; panapotokea FAUX ndipo pa kurekebisha.

Usiweke mstari wa "jumla ya wiki" katikati ya siku. Utakuwa nukta kubwa iliyoruka juu kila baada ya siku saba, na utadhani umegundua siku ya neema.

Siku uliyofunga, acha seli tupu. Siku uliyofungua usiuze kitu, andika 0. Hizo ni siku mbili tofauti kabisa.

Nichore kwa faranga au kwa dola?

Chora zote mbili, kisha ulinganishe. Swali hili ndilo linalowapoteza wafanyabiashara wengi wa huku kuliko mengine yote, kwa sababu tunauza kwa faranga na kununua mzigo kwa dola.

Mwanzoni mwa 2016 dola 1 ilikuwa karibu faranga 930. Kufikia 2018 ilikuwa imepita 1,600, mwaka 2022 karibu 2,000, na mwaka 2024 karibu 2,800. Chukua butiki iliyouza faranga milioni 1 kwa wiki mwaka 2022 na milioni 1.3 mwaka 2024. Kwa faranga nukta zimepanda asilimia 30, na mwenye butiki anafurahi. Kwa dola, milioni 1 gawanya kwa 2,000 ni 500, milioni 1.3 gawanya kwa 2,800 ni 464. Biashara imeshuka kwa asilimia 7, na mtaji wa kununua mzigo umepungua huku grafu ikipanda.

Kwa hiyo ongeza safu yenye =B2/C2, yaani mauzo ya faranga gawanya kwa kiwango cha siku ile ile. Usitumie kiwango cha leo kwa siku za nyuma: utakuwa umegawanya zote kwa namba moja, na umbo la grafu litabaki vilevile la faranga. Kiwango kiwe kile ulichobadilishia kweli kwa kambista, kwa sababu cha Benki Kuu si lazima kilingane na cha barabarani.

Ziada ya hapo, chora grafu ya tatu: idadi ya vipimo vilivyouzwa. Mifuko ya saruji, bidoni za mafuta, magunia ya makala (mkaa). Hiyo haidanganywi na fedha yoyote, ila hakikisha kipimo chenyewe hakijabadilika. Kopo la maharage la mwaka jana na la mwaka huu huenda yasilingane, na gunia la makala linajulikana kwa kuvimba na kunywea. Penye mizani, andika kilo.

Nipe hatua za kuchora kwenye Excel.

Panga kwanza jedwali kwa tarehe, ya zamani juu. Chagua safu ya tarehe na safu ya mauzo. Kama hazipakani, shikilia Ctrl unapochagua ya pili. Nenda "Insertion", kwenye sehemu ya "Graphiques" bonyeza alama ya nukta, uchague picha ya kwanza, "Nuage de points", ile isiyo na mistari. Safu ya kushoto ndiyo inayokwenda chini kwenye X.

Baada ya hapo punguza ukubwa wa nukta. Ile ya kawaida ni nene mno kwa siku 300. Bonyeza kulia juu ya nukta, "Mise en forme d'une série de données", kisha "Marqueur", uweke ukubwa 3 au 4. Andika kichwa kinachotaja kipimo na kipindi: "Mauzo ya siku kwa dola, Januari hadi Desemba". Kichwa kinachosema "Mauzo" tu hakimsaidii mtu yeyote baada ya wiki mbili.

Kwenye LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, pita "Insertion", "Diagramme", kisha "XY (dispersion)".

Chini naona 1, 2, 3 badala ya tarehe. Kwa nini?

Tarehe zako ni maneno. Zilinakiliwa kutoka WhatsApp au ziliandikwa "3 juin" bila utaratibu, na Excel ikishindwa kuzisoma inahesabu tu mistari. Ubaya wake ni kwamba grafu inaonekana sawa kabisa, ila mapengo ya siku ulizofunga yametoweka. Chagua safu, nenda "Données", "Convertir", endelea hadi hatua ya tatu, uchague "Date" na mpangilio "JMA", yaani siku, mwezi, mwaka.

Na nikiona 45658?

Hiyo ni tarehe halali iliyokosa vazi lake. Excel huhesabu siku tangu mwanzo wa 1900, na 45658 ni tarehe 1 Januari 2025. Badilisha umbo la namba kwenye mhimili liwe "Date". Ukitaka mhimili uanzie siku fulani, bonyeza kulia juu yake, "Mise en forme de l'axe", uandike namba hiyo kwenye "Minimum". Kwenye "Principale" weka 7 upate mistari ya wiki. Grafu ya nukta haijui miezi. Ukiweka 30, alama zitateleza polepole kutoka tarehe ya kwanza ya mwezi.

Nukta zimelundikana, sioni kitu.

Njia ya kwanza ni kuzifanya zipitishe mwanga: kwenye "Marqueur", "Remplissage uni", sogeza "Transparence" hadi asilimia 60 au 70. Panapokuwa na nukta nyingi rangi itakolea. Kama X ni namba nzima, tuseme siku ya wiki 1 hadi 7, nukta zinasimama foleni juu ya mstari mmoja. Ongeza mtikisiko mdogo: =JOURSEM(A2;2)+(ALEA()-0,5)*0,4. Jumatatu inakuwa 1, Jumapili 7, na nukta zinatawanyika kidogo pembeni. ALEA hubadilika kila unapogusa jedwali, basi ukipata umbo zuri nakili safu na uibandike kama "Valeurs".

Je, muda lazima uwe mstari ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia?

Hapana, na faida nyingi zimejificha hapa. Biashara nyingi hazisogei tu mbele, zinazunguka. Ukizikunja siku zote juu ya mzunguko mmoja, kitu ambacho kwenye grafu ndefu kilikuwa fujo kinajipanga.

Mfano mzuri tunao ziwani. Sambaza, samaki aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki karibu na wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu tena, samaki wanatawanyika na mavuno yanashuka. Muuzaji anayechora bei ya beseni kwa tarehe ataona mawimbi asiyoweza kuyafunga kwenye mwezi wa kalenda, kwa sababu mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29.53.

Tengeneza basi safu ya umri wa mwezi. Mwezi mwandamo wa tarehe 29 Januari 2025 unafaa kuwa mwanzo: =MOD(A2-DATE(2025;1;29);29,53). Utapata namba kutoka 0 hadi 29. Karibu na 0 ni giza, karibu na 15 ni mwezi mpevu. Weka safu hiyo kwenye X na bei kwenye Y. Kama mwezi ndio unaoongoza bei yako, nukta zitainuka katikati na kulala pande zote mbili. Kama hazikuinuka, tafuta sababu kwingine: upepo, usafiri, samaki wa kugandishwa kutoka nje. Rekebisho hili lina kosa la saa kadhaa, maana mizunguko halisi hairefuki sawasawa, lakini kwa bei za sokoni halisumbui.

Kwa njia hiyo hiyo, =JOUR(A2) inakunja kwa tarehe ya mwezi, uone kama mishahara inasukuma mauzo, na =MOIS(A2) inakunja kwa msimu: kiangazi cha Juni hadi Agosti dhidi ya miezi ya mvua. Hapo kuna mtego mmoja. Anayeuza madaftari na sare anategemea kilele cha Septemba, lakini mwaka 2020 na 2021 shule nchini zilifunguliwa Oktoba. Kwa bidhaa za shule, hesabu siku tangu shule zifunguliwe, usihesabu miezi.

Nimechora vitu viwili na vinapanda pamoja. Kimoja kinasababisha kingine?

Usiseme hivyo bado. Vitu viwili vinavyokua na miaka vitaonekana ndugu hata kama havijuani. Mwaka 1926 mwanatakwimu wa Uingereza George Udny Yule alilinganisha sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana na kiwango cha vifo, tangu 1866 hadi 1911. Uhusiano ulitoka 0.95, karibu kamili. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya ndoa hizo. Vyote viwili vilikuwa vikishuka na wakati, basi. Wakati ndio ulikuwa mtu wa tatu asiyetajwa.

Ukilinganisha idadi ya vibanda vya M-Pesa mtaani kwako na mifuko ya saruji uliyouza, utapata kitu kama hicho, maana mji unakua na kila kitu kinakua nao.

Dawa ni kuchora mabadiliko badala ya viwango. Kwenye safu mpya andika =B3-B2, uivute hadi chini; fanya hivyo kwa vitu vyote viwili, kisha chora safu hizo mpya. Swali linakuwa: wiki ambayo kile kilipanda kuliko iliyotangulia, hiki nacho kilipanda? Uhusiano wa kweli mara nyingi hubaki, ingawa umefifia. Wa uongo hugeuka wingu la duara lisilo na upande. Tumia jumla za wiki hapa; tofauti za siku moja moja zina makelele mengi mno.

Athari huchelewa. Nazionaje?

Dola ikipanda leo, bei ya sukari kwako haipandi leo, kwa sababu bado una mzigo wa bei ya zamani. Sogeza kimojawapo nyuma: kwenye X weka kiwango cha dola cha siku 14 zilizopita, kwenye Y bei yako ya leo. Ukiwa na mstari kwa kila siku ya kalenda bila kuruka, unaweza kuelekeza tu kwenye seli iliyo mistari 14 juu. Ukiwa huandiki Jumapili, mistari 14 si siku 14; tumia =RECHERCHEV(A30-14;A:C;3;FAUX), ambayo inatafuta tarehe yenyewe na kurudisha #N/A isipoipata. Jaribu siku 7, 14, 21, 30. Chelewesho ambalo nukta zinabana zaidi ndilo muda ambao mzigo wako hukaa ndani, na mara nyingi linalingana na safari zako za kununua.

Nichore mstari wa mwelekeo?

Ndiyo, lakini baada ya kutazama nukta zenyewe. Bonyeza kulia juu ya nukta, "Ajouter une courbe de tendance". Kwa mauzo ya siku, "Moyenne mobile" yenye période 7 inaeleza zaidi kuliko mstari ulionyooka, kwani kila wastani unabeba siku zote za wiki. Inahesabu nukta, haihesabu siku: ukifunga Jumapili weka 6.

Ukitaka R², weka alama kwenye kisanduku chake hapo hapo. 0.7 maana yake asilimia 70 ya kupandashuka kwa Y kunafuata mstari huo. Haisemi kama mstari unafaa. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja nukta 11, zenye wastani wa X 9, wastani wa Y 7.50, uhusiano 0.816 na mstari ule ule. Zikichorwa, ya kwanza ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari mnyoofu uliovutwa na nukta moja, ya nne ni nukta kumi zilizosimama wima na moja mbali. Anayesoma R² bila kutazama hatajua aliyonayo ni ipi.

Biashara yangu ilivunjika katikati. Mstari mmoja utafaa?

Hapana. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 kwa Goma, au mabenki kufungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, si mkunjo wa mwelekeo. Ni ukuta kati ya vipindi viwili. Mstari mmoja uliopitishwa hapo utaonyesha mteremko wa polepole ambao haukutokea kamwe.

Gawa Y katika safu mbili: =SI(A2<DATE(2025;2;1);B2;NA()) kwa kabla, na kinyume chake kwa baada. Kila safu inapata rangi yake na mstari wake. Tumia NA(), usitumie "" ; alama hizo mbili tupu zinachorwa kama sifuri na utapata safu ya nukta imelala chini kabisa ya grafu.

Kuna nukta moja imekaa peke yake juu kabisa. Niifute?

Fungua kaye ya tarehe hiyo kwanza. Mara nyingi ni sifuri iliyoongezwa, 1 500 000 badala ya 150 000, au dola zilizoandikwa kwenye safu ya faranga. Hilo unalirekebisha. Kama ni mauzo ya kweli, kwa mfano mtu alinunua mabati ya nyumba nzima, iache, ipe rangi nyingine na uandike sababu kando. Unaweza kukokotoa mwelekeo mara mbili, nayo na bila yake. Ukibadilika sana, basi ulikuwa na mwelekeo wa mteja mmoja.

Nahitaji siku ngapi?

Kuona siku ya wiki, wiki nane. Kuona mwezi wa angani, mizunguko minne au mitano. Kuona msimu, miaka miwili kamili kwa uchache, maana mwaka mmoja hauwezi kukutofautishia kiangazi na bahati mbaya.

Sina kompyuta.

Karatasi ya milimita ya A4 inatosha, ile wanafunzi wanayonunua. Kwenye upande mfupi weka milimita 1 kwa siku moja: sentimita 18 ni siku 180, nusu mwaka. Kwenye upande mrefu chagua kipimo ambacho siku yako bora kabisa inaishia chini kidogo ya ukingo. Kama hujawahi kupita dola 250, milimita 1 kwa dola 1 inafika sentimita 25. Bic nyeusi kwa siku za kawaida, nyekundu kwa siku za soko. Weka nukta kila jioni unapofunga hesabu. Ukingoja mwisho wa mwezi hutaifanya.

Kwenye simu, Google Sheets ina "Nuage de points", ila kazi ya mistari ya mwelekeo na rangi ni ya kompyuta. Skrini ndogo itakuchosha bure.

Grafu itaniambia nitauza kiasi gani mwezi ujao?

Itakupa mipaka. Ukikunja kwa siku ya wiki na Jumamosi zako zote zimekaa kati ya dola 120 na 210, agiza mzigo kwa kiasi hicho, mradi hakuna kilichovunjika. Kuuendeleza mstari hadi mwaka ujao ni kubahatisha.

Nikichapisha kwa nyeusi na nyeupe rangi zitapotea?

Zitapotea. Badilisha maumbo badala ya rangi: duara tupu kwa kipindi cha kwanza, msalaba kwa cha pili. Pembetatu na mraba vikiwa vidogo havitofautiki, hasa kwenye fotokopi.